Changarawe Juu ya Theluji

Mji mkuu, 6 Novemba 1991

Mpendwa Mjomba Onésime,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu nilipoapishwa kuwa Waziri wa Fedha wa jimbo nimekuandikia barua nyingi kichwani, na hakuna hata moja iliyofika kwenye karatasi. Najua utasema kwamba barua ya kichwani haihitaji stempu, ndiyo maana wavivu huipenda. Umeshasema, nimeshasikia.

Sisi huku hatujambo. Mume wangu Anselme amepona goti, ila bado huchechemea kila anapoombwa kuosha vyombo. Noëlla wetu ameanza shule na tayari amemsahihisha mwalimu wake, kwa hiyo damu yako ya ualimu haijapotea. Mkaza mjomba Exilda hajambo? Duka je? Na binamu Zoël na malori yake?

Sasa la moyoni. Unakumbuka wakati wa uchaguzi nilisimama kwenye ngazi za kanisa letu, wewe ukiwa mstari wa mbele na kofia mkononi, nikaahidi kwamba sitapandisha kodi. Hazina ya jimbo ina pengo, Mjomba, na wenzangu katika Baraza la Mawaziri wanataka kuliziba kwa kupandisha kodi ya mauzo mwezi wa Aprili. Juzi Fortunat, Waziri wa Barabara, alinigeukia mbele ya wote. "Dada Ludivine," akasema, "ahadi ya uchaguzi ni kama harufu ya mkate. Huvuta watu, lakini haishibishi."

Wakacheka mpaka mwandishi wa kikao akaacha kuandika. Nikawaambia kwamba nitapata pa kupunguza matumizi, na nisipopata, watafute mtu mwingine wa kuisoma bajeti yao. Waziri Kiongozi akasema, "Una hadi mwisho wa Machi."

Nimesoma makabrasha ya wizara zote. Kila senti ina sababu, na kila sababu ina muhuri. Wewe unaishi kule ambako pesa hizi huishia. Niambie unaona nini.

Mpwa wako,
Ludivine


Pointe-aux-Frênes, 24 Novemba 1991

Mpwa wangu,

Barua yako imefika. Ina kosa moja, ukurasa wa pili. Nimelizungushia wino mwekundu nami nitakurudishia ukija.

Tuko wazima. Mnada wa roho za marehemu, ule wa kulipia misa zao, ulifanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za kanisa kama kawaida. Philias alileta kichwa cha nguruwe, akakinunua mwenyewe, maana hakuna aliyepandisha bei. Marehemu wa mwaka huu watapata misa chache. Paroko alisema kwamba Mungu haangalii wingi, lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyeangalia.

Duka la Exilda linakufa. Silisemi ili unionee huruma. Nalisema kwa sababu umeuliza. Jumamosi watu hupita mbele ya mlango na magari yao, humpungia mkono, huvuka daraja kwenda Marekani, kisha hurudi magari yamelala chini kwa maziwa, sukari na petroli. Kule kodi ni ndogo. Wiki iliyopita Philias aliingia kununua kiberiti.

"Kiberiti tu?" Exilda akamwuliza. "Na maziwa je, Philias? Au ng'ombe wa Wamarekani wanakupenda zaidi?"

"Shemeji, usinichome mbele za watu."

"Watu gani? Tuko wawili humu. Hao watu ndio ninaowatafuta."

Akaona haya, akanunua na chumvi. Lakini duka haliishi kwa haya ya Philias. Lilikuwa la mama yake Exilda kabla halijawa lake. Kodi ikipanda tena, litafungwa kabla ya kiangazi, naye amekwisha kuniambia hivyo bila kulia, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kulia.

Kwa hiyo shikilia neno lako. Nyumba ikipungukiwa, mwenye nyumba hachungulii kwanza chungu cha jirani.

Theluji imeanza. Sepetu yangu ya kuzolea theluji ilivunjika Machi iliyopita katika changarawe ambayo Idara ya Barabara huimwaga juu ya theluji kila mwaka wakati ule, nami nimelazimika kununua nyingine. Nimeinunua kwa Exilda, kwa bei kamili.

Mjomba wako,
Onésime


Mji mkuu, 12 Desemba 1991

Mpendwa Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote. Anselme ameteleza kwenye barafu na goti limerudi palepale, safari hii kwa kweli. Noëlla anamhudumia kwa ukali.

Mstari wako kuhusu sepetu niliusoma nimekaa, nikaurudia nimesimama. Changarawe juu ya theluji! Nimekulia hapo, Mjomba, nimeyaona malori yale kila Machi, na sikuwahi kuuliza. Theluji ikiyeyuka si huondoka na changarawe yote mtaroni?

Nikamwita Bwana Aldéric, karani mkuu wa matumizi, mzee ambaye mawaziri wanne walimzika kwa makaratasi naye akafufuka kila mara. Nikamwuliza kwa nini.

"Mheshimiwa," akanijibu, "ikifika tarehe thelathini na moja Machi mwaka wa serikali umekwisha. Pesa ambayo ofisi haikutumia hurudi Hazina, na mwaka unaofuata ofisi hiyo hupewa pungufu kwa kiasi hichohicho. Ofisi yenye akili hairudishi kitu."

"Na ofisi yenye changarawe?"

"Huimwaga."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupika uji. Basi nikaanza kuuliza kila wizara wanafanya nini mwezi wa Machi. Misitu walipaka rangi ghala katika baridi kali. Rangi ikabanduka kabla ya Pasaka. Elimu wana chaki ya kutosha mpaka wajukuu wa Noëlla. Kuna ofisi moja imenunua viti, na viti vya mwaka juzi bado vimo kwenye maboksi. Hakuna aliyeiba. Wote wametii kanuni, na kanuni ndiyo inayokula.

Nimepeleka pendekezo Barazani. Kuanzia tarehe kumi na tano Machi, hakuna ofisi itakayotumia pesa kwa jambo lisilo la lazima. Itakayorudisha salio itabaki na theluthi yake kwa kazi ya kiangazi, wala haitapunguziwa mwaka ujao. Kinachobaki kitaziba pengo. Kikitosha, hakuna kodi. Fortunat akasema, "Kwa hiyo dada yetu ataliokoa jimbo kwa kuzoa mawe?" Lakini Waziri Kiongozi amekubali tujaribu.

Niandikie basi kwa undani: changarawe hiyo humwagwa barabara gani, kwa amri ya nani, na malori ni ya nani. Nataka kuwasomea Barazani.

Mpwa wako,
Ludivine


Pointe-aux-Frênes, 7 Januari 1992

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote.

Krismasi ilipita salama. Exilda alipika mchuzi wa kuku na viazi, na mikate ya nyama. Paroko alikula vipande vitatu akasema anawaombea wenye njaa. Baridi imepasua bomba la jikoni. Kwaya imepata mpiga kinanda mpya, naye hupiga kana kwamba anakimbizwa. Zoël ameweka matairi mapya kwenye lori la pili.

Mwambie Anselme aweke majivu kwenye ngazi.

Mjomba wako,
Onésime


Mji mkuu, 30 Januari 1992

Mpendwa Mjomba,

Ngazi zimewekwa majivu. Anselme anakushukuru, na goti pia.

Barua yako ina kuku, bomba, kinanda na matairi. Haina neno hata moja la changarawe. Darasani kwako, mwanafunzi aliyejibu maswali yote na kuruka moja, ulimsimamisha kwa lile aliloliruka.

Najua malori ni ya nani. Nilijua hata kabla ya kukuuliza. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kulitaja jina la Zoël ili nisiwe mimi, na hilo halikuwa tendo la heshima. Basi nalitaja. Zoël ni ndugu yangu. Utotoni tulilamba ndoo moja ya asali ya miti, ile ya utomvu uliochemshwa, mpaka nywele zikashikana. Najua kazi ya Machi ndiyo inayolipia mkopo wa lori lile la pili.

Lakini angalia, Mjomba. Changarawe anayolipwa aimwage hulipwa kwa kodi. Kodi ndiyo inayowafukuza wateja wa mama yake ng'ambo ya daraja. Mkono mmoja wa nyumba yenu unaunyang'anya mkono wa pili, na serikali katikati inakula nauli.

Nikimruka Zoël, sitakuwa na uso wa kumgusa mtu mwingine yeyote. Msumeno hukata mbele na nyuma. Nimeanza na ofisi yangu: gari la waziri limeuzwa, naenda kazini kwa miguu, na walinzi wa mlangoni wananiita Mama Theluji.

Sikuombi ushahidi tena. Nakuomba jambo moja: mwambie mwenyewe, mezani kwenu, kabla hajalisikia redioni.

Mpwa wako,
Ludivine


Pointe-aux-Frênes, 23 Machi 1992

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, nalo ni refu. Exilda anakusalimu. Bomba limetengenezwa.

Nilimwambia Zoël Jumapili moja ya Februari. Tulikuwa tunakula chapati za ploye na siagi. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo Ludivine amepanda juu, sasa anavuta ngazi?"

"Hajavuta ngazi ya mtu," nikasema. "Ameuza gari lake."

"Gari la serikali, baba! Lori ni langu. Na benki haipokei pongezi."

Hapo Exilda akaleta ploye nyingine, akaibwaga kwenye sahani yake kwa kishindo. "Zoël, mara ya mwisho kwenda kugema na baba yako ilikuwa lini?"

"Mama, hayo yanahusu nini?"

"Utomvu hutoka Machi. Machi wewe uko barabarani unalisha mtaro. Miti ya babu yako inalia sukari peke yake, baba yako mgongo hauwezi, na mimi nauza asali ya miti iliyotoka kiwandani, kwenye duka lisilo na mtu. Hayo ndiyo yanahusu."

Zoël akaondoka bila kumaliza chakula. Hakurudi Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Exilda aliendelea kumwekea sahani. Mimi nilijiambia kwamba nimempoteza mwana kwa ajili ya sentensi iliyo sahihi, na usiniulize zaidi kuhusu siku zile.

Kisha ikaingia Machi. Wiki ya kwanza Euclide, msimamizi wa barabara wa wilaya yetu, alikuja dukani asubuhi, wakati wenye malori wanakunywa kahawa. Zoël alikuwepo, amesimama karibu na mlango kama mgeni. Nami nilikuwepo.

"Jamani," Euclide akasema, "tunamwaga wiki hii. Tukingoja, tarehe kumi na tano amri itatukuta na pesa mkononi."

Kwa hiyo hivyo ndivyo walivyopanga kuipita amri yako, mpwa wangu: kwa kuitangulia. Nikamtazama Zoël. Hakunitazama.

"Tunamwaga barabara ipi?" akauliza.

"Ya Mto Mdogo, kama kawaida."

"Iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si unapita kila siku!"

"Mimi naona theluji tu, Euclide. Nionyeshe barabara, nitaimwagia."

Duka zima likacheka. Philias alimwaga kahawa yake. Euclide akawa mwekundu. "Usipomwaga wewe, atamwaga mwingine. Njaa haina undugu."

Zoël akamaliza kahawa yake, akatoka. Lakini Jumapili baada ya misa, matangazo yakisomwa kwenye ngazi za kanisa, baada ya tangazo la paka aliyepotea, akapanda. Unamjua ndugu yako. Hata siku ya harusi yake aliitikia kwa kichwa. Akavua kofia.

"Nina malori mawili," akasema. "Moja nauza. La pili halimwagi kitu juu ya theluji. Anayetaka kuichukua kazi hiyo aichukue, ruhusa. Ila kwanza aingie dukani kwa mama yangu anunue kitu, halafu amweleze usoni kodi ya kumlipa inatoka wapi."

Akashuka. Wenye malori wote wa wilaya hii wanasali katika parokia yetu au ya jirani. Hakuna aliyeichukua. Euclide alizunguka siku tatu akitafuta dereva, akarudi na uso wa mtu aliyekwenda kuchumbia akakuta mlango umefungwa. Ikafika kumi na tano. Pesa bado iko mkononi mwake.

Lori limepata mnunuzi. Zoël amepata hasara kidogo na usingizi mwingi.

Naandika haya nikiwa katika kibanda cha kuchemshia utomvu. Usiku baridi, mchana jua; miti inatoa kama haijawahi kutoa. Zoël anabeba ndoo, Exilda anakoroga, nami nakaa kwenye kigogo na kuwaambia wanavyokosea. Hawanisikii kwa sababu ya mvuke. Ukiona karatasi inanata, sababu ni hiyo. Chupa yenu ya asali nimeifunga peke yake.

Sikuwahi kukuandikia kwamba najivunia. Ni neno ambalo watu wamelitumia mpaka likachakaa. Nalitumia.

Mjomba wako,
Onésime


Mji mkuu, 17 Mei 1992

Mpendwa Mjomba,

Karatasi ilinata kweli. Noëlla aliilamba kabla sijaisoma. Sote tu wazima. Anselme ameanza kutembea bila fimbo na kwa hiyo anaosha vyombo.

Redioni mmesikia kwamba kodi haikupanda. Lakini redio haikusema yote.

Mwisho wa Machi nilikaa ofisini na mlango wazi. Asubuhi Bwana Aldéric akaingia, amesahau kubisha hodi. "Mheshimiwa, ofisi ya barabara ya kwenu imerudisha."

"Kiasi gani?"

"Kiasi si neno, Mheshimiwa. Imerudisha! Tangu nianze kazi hapa sijapata kuona." Akakaa kwenye kiti changu mwenyewe, akajipepea na faili.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Habari za wenye malori waliokataa zilikuwa zimeshafika wilaya jirani, na kutoka hapo zikasambaa. Kufikia mchana simu haikunyamaza. Misitu wamerudisha rangi dukani. Elimu wamekiri chaki. Ofisi zilizokuwa zikishindana kumaliza zikaanza kushindana kubakiza, kila moja ikiuliza kama theluthi yake iko salama. Pengo limezibika, Mjomba. Limezibika na kufurika.

Kesho yake nilikuta juu ya meza yangu mkate mzima, bado wa moto, umefungwa kwenye kitambaa. Hapakuwa na jina. Nilipomwona Fortunat kwenye korido akasema tu, "Umeshiba?" Nikamwambia, "Lete na siagi."

Na sasa lile ambalo Zoël hakukwambia. Hakukwambia, siyo? Kwenu kimya ni ugonjwa wa kurithi. Siku ya bajeti alikuja. Aliacha lori lake mbele ya jengo la Bunge, mahali pa magari ya mawaziri, palipokuwa wazi kwa sababu langu limeuzwa. Akapanda ukumbi wa wageni na koti lake la kazini. Mimi nikasoma. Nilipofika kwenye maneno "hakuna kodi itakayoongezwa," upande wa upinzani wakaanza kupiga meza: "Waziri wa Mawe! Waziri wa Mawe!"

Juu kule mtu akasimama. Nikaijua sauti kabla ya kuinua macho.

"Mawe yalikuwa yangu!" akasema. "Nilikuwa namwaga mimi! Mwacheni dada amalize!"

Spika akagonga rungu lake, askari wa Bunge wakamfuata, naye akatoka nao kwa adabu akiwa amevaa kofia yake. Kisha mbunge mzee wa upinzani, yule mkali, akaanza kucheka, halafu akapiga makofi, na makofi yakavuka ukumbi. Nililazimika kunywa maji. Nikamaliza kusoma nimesimama wima, kama ulivyotufundisha, na bajeti ikapita kwa kura.

Askari walimwachia kwenye ngazi. Nilipotoka nilimkuta akiwagawia walinzi asali ya miti kwa kifuniko cha chupa. Akaniambia, "Mwezi wa sita, barabara ikikauka, Euclide ametuita kumwaga. Juu ya barabara, safari hii." Tulicheka tu kama watu wawili wenye nywele zilizoshikana.

Limebaki jambo moja. Hesabu za mwaka zimefungwa na kuna ziada. Wapo wanaotaka jengo jipya la wizara, lenye chemchemi mbele. Mimi nimependekeza tuipunguze kodi ya mauzo, ili Philias apate sababu ya kununua maziwa upande huu wa daraja. Fortunat ameniambia, mbele ya wote, kwamba ananiunga mkono. Baraza linakaa Jumanne ijayo.

Kwa hiyo mwambie mkaza mjomba asibadilishe bei yoyote bado, lakini aweke wino na vibandiko karibu. Wakishaamua, nitakuandikia kabla sijavua koti. Nawe tayarisha kalamu nyekundu, maana nitaandika kwa haraka.

Mpwa wako,
Ludivine